Kutibu, Kuponya na Kulinda: Istilahi za Dawa za Macho ya Uzeeni

Miongoni mwa maswali yanayoletwa kwa mkuza istilahi, ni machache sana yanayohusu vitenzi. Anayetafsiri hutaka jina: jina la ugonjwa, jina la chombo, jina la dawa. Akishalipata huona kazi imekwisha, na kitenzi hukiokota popote. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha, kwa mfano wa dawa za macho ya watu wazima, kwamba hatari aghalabu iko upande wa pili. Jina la ugonjwa laweza kutoka Ugiriki, Arabuni au Umwerani na mgonjwa asidhurike. Lakini kitenzi kimoja kisichofaa katika karatasi ya maelezo chaweza kumfanya aache dawa na kupofuka.

Mifano yetu tumeichukua Mingoyo, katika Manispaa ya Lindi, karibu na njia panda ya Mnazi Mmoja ambako barabara ya Mtwara na ile ya Masasi huachana. Kiswahili cha pwani hukutana hapo na Kimwera, Kimakonde na Kiyao, na mzee mmoja huweza kuelezwa habari za macho yake kwa lugha mbili au tatu kabla hajaonana na mganga. Karatasi ya maelezo iliyoandikwa Dar es Salaam ikieleweka Mingoyo, yamkini itaeleweka kwingi.

Wazee wa huko, kama wenzao wa pwani yote, husema kwamba uzee umeingia machoni. Usemi huo watosha kwa mazungumzo ya barazani, lakini ndani yake yamo mambo manne yasiyotibika kwa njia moja. Lipo lile la mtu wa miaka arobaini na kitu anayesogeza msahafu mbali ili herufi zisomeke. Huyo ahitaji miwani tu. Upo mtoto wa jicho, yaani lenzi ya jicho kuingia ukungu, ambao huondolewa kwa upasuaji; hakuna dawa ya matone iliyothibitishwa kuuondoa, ingawa wapo wanaoiuza. Ipo glakoma, inayoua neva ya jicho polepole. Na upo uchakavu wa makula, ile sehemu ndogo ya katikati ya retina tunayoitumia kusoma na kutambua sura za watu. Mawili haya ya mwisho ndiyo yenye dawa za kulinganishwa, na ndiyo tutakayoyashughulikia, glakoma zaidi.

Utafiti uliofanywa katika vijiji vya Wilaya ya Kongwa, mkoani Dodoma, na kuchapishwa mwaka 2000, ulikuta kwamba kati ya kila watu 100 wenye umri wa miaka 40 na zaidi, takriban 4 walikuwa na glakoma. Jina lililoenea mitaani ni presha ya macho. Jina hili limeundwa na wananchi wenyewe, ni jepesi kutamka, na kwa kawaida tungelipokea bila kusita. Lina kasoro mbili hata hivyo. Kwanza, neno presha limekwisha pata mwenyewe, nao ni ugonjwa wa shinikizo la damu. Mgonjwa aliyeambiwa ana presha ya macho huweza kudhani kwamba vidonge vya presha anavyovimeza kila asubuhi vinatosha, au hupunguza chumvi akingoja macho yapate nafuu. Pili, wapo watu ambao shinikizo la macho yao halivuki kiwango cha kawaida, yaani milimita 21 za zebaki, na bado neva inakufa. Na wapo wenye shinikizo la juu ambao neva yao ni nzima kabisa. Shinikizo ni kisababishi kikubwa, bali silo ugonjwa. Kwa hiyo twapendekeza neno glakoma liwe jina la ugonjwa, na shinikizo la jicho liwe jina la kile kinachopimwa. Presha ya macho iachwe iendelee katika mazungumzo, kwa sharti kwamba anayeitamka mbele ya mgonjwa aongeze papo hapo kuwa si presha ya damu.

Ili kitenzi kichaguliwe vizuri, yapasa kujua dawa inafanya nini. Ndani ya jicho hutengenezwa majimaji safi ambayo siyo machozi. Hutengenezwa mfululizo na hutoka mfululizo, kwa kupitia kichujio kilichoko pembezoni, pale weupe wa jicho unapokutana na sehemu yenye rangi. Kichujio kikiwa kizito majimaji hujaa, shinikizo hupanda, na nyuzi za neva hufa, aghalabu zikianza zile zinazoleta habari za pembeni. Katika aina ya glakoma iliyoenea zaidi kwetu mgonjwa haoni maumivu yoyote. Mbele yake huona sawasawa. Ila hujikwaa, hugonga mhimili wa mlango, na hashtuki mpaka sehemu kubwa imekwisha potea. Nyuzi zilizokufa hazifufuki kwa dawa yoyote iliyoko leo.

Dawa basi hushughulika na majimaji, na hutofautiana kwa mahali zinapoyashika. Pilokapini, inayotokana na mmea wa Brazili na iliyotumika kwa macho tangu miaka ya 1870, hubana mboni na kuachia kichujio. Hutiwa mara nne kwa siku, huleta maumivu ya paji la uso, na kuifanya nuru ionekane hafifu, jambo zito kwa mzee ambaye ana mtoto wa jicho pia. Timololi, iliyoruhusiwa kutumika Marekani mwaka 1978, huenda kwenye chemchemi yenyewe na kupunguza majimaji yanayotengenezwa. Hutiwa mara mbili kwa siku na bei yake ni nafuu kuliko nyingi. Lakini sehemu yake huteremka kwa mfereji wa machozi hadi puani na kuingia katika damu, na kwa sababu hiyo haimfai mwenye pumu wala mwenye moyo unaopiga polepole mno. Latanoprosti, iliyoruhusiwa huko huko mwaka 1996, huyapitisha majimaji kwa njia nyingine iliyo kando ya kichujio. Hutiwa mara moja tu, usiku, na kwa kushusha shinikizo huizidi timololi kwa kiasi. Huweza kuleta wekundu wa macho na kurefusha kope. Aina zake nyingi hutakiwa kuwekwa katika jokofu kabla ya chupa kufunguliwa, sharti ambalo wanaoandika maelezo ya dawa hulitaja kwa neno moja, kana kwamba kila nyumba ya Lindi ina jokofu.

Sasa tuje kwenye kitenzi. Maelezo mengi ya dawa hizi huanza kwa sentensi fupi: dawa hii hutibu glakoma. Kwa mtaalamu sentensi hiyo haina ila, maana kutibu ni kumpa mgonjwa huduma ya ugonjwa wake, apone au asipone. Lakini sikio la msomaji wa kawaida halitenganishi kutibu na kuponya kwa urahisi huo. Anayesikia kwamba dawa hutibu macho hutazamia kuona vizuri zaidi. Hutia matone mwezi mmoja. Macho yanamwasha, na mlango anaugonga vile vile. Hapo hutamka ile hukumu tunayoijua sote, kwamba dawa imenikataa, na chupa ya pili hainunui. Ukiongeza kwamba fedha nyumbani hupatikana zaidi msimu wa korosho na kupungua baada yake, utaona kuwa mgonjwa huyo hakukosa sababu za kuacha. Kilichokosekana ni sababu ya kuendelea, na ambayo ingeweza kutolewa na kitenzi.

Vitenzi vilivyo mkononi ni vingi na kila kimoja kina mzigo wake. Kudhibiti hupendwa maofisini, lakini harufu yake ni ya magendo na bei. Kumwambia bibi wa Mingoyo kwamba ugonjwa wake utadhibitiwa ni kumsomea waraka. Kuzuia hudokeza kwamba ugonjwa haujafika, kama chanjo inavyozuia surua. Kutuliza kwafaa maumivu, na glakoma hii haiumi. Upo mfano mmoja wa kuigwa: dawa za virusi vya ukimwi ziliitwa kwa Kiswahili dawa za kupunguza makali, kisha dawa za kufubaza virusi, na kwa majina hayo wananchi walielewa, bila mhadhara mrefu, kwamba ipo dawa isiyoponya ambayo hata hivyo ni ya maisha na kuiacha ni hatari. Kufubaza lilikuwa neno la kawaida la nguo na rangi. Likapewa kazi mpya, likaifanya. Hatupendekezi kulihamishia machoni, kwa kuwa limekwisha funganishwa na ugonjwa ule na mgonjwa wa macho angeshtuka kulisikia. Tunachopendekeza ni kuiga njia yake.

Pendekezo letu ni maneno mawili yaende pamoja. Kwa tendo la dawa ndani ya jicho, kushusha shinikizo. Kwa faida anayoipata mgonjwa, kulinda uoni uliobaki. Neno uliobaki tumelitia makusudi na tusingependa mhariri alifute kwa ajili ya ufupi, kwani ndilo linalobeba habari ngumu kwamba kilichopotea hakirudi. Tulipolijaribu mbele ya wazee wachache wa Mingoyo, mmoja wao, mvuvi wa zamani, alisema, “Basi, mwanangu, hii ni kama kufua maji chomboni. Ukifua, hufiki mapema zaidi, ukiacha, unazama.” Mtaalamu atapinga kwamba maji ya chombo hutoka nje na ya jicho hutoka ndani, na kwamba timololi haifui bali huziba tundu. Na apinge. Mzee yule alikuwa amekwisha elewa kwa nini chupa ya pili inunuliwe.

Kitenzi kulinda kina ushahidi pia. Mwaka 2015 yalitangazwa matokeo ya jaribio la Uingereza lililokuwa na wagonjwa 516, ambamo nusu yao walitiwa latanoprosti na nusu matone yasiyo na dawa ndani. Katika muda wa miaka miwili, upeo wa kuona ulizidi kupungua kwa wagonjwa 15 kati ya kila 100 waliotumia dawa, na kwa 26 kati ya kila 100 wasioitumia. Dawa ililinda, haikulinda wote, na haikumrudishia mtu alichokwisha poteza. Hakuna sentensi ya Kiswahili yenye kitenzi kuponya ambayo ingeweza kusimama juu ya tarakimu hizo.

Kulinganisha dawa kuna lugha yake, na hapa watafsiri huteleza hata wakiwa na majina yote. Mfano ulio karibu nasi ni jaribio lililofanywa katika hospitali ya KCMC, Moshi, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2021. Wagonjwa 201 wa glakoma waligawanywa makundi mawili: kundi moja lilitiwa timololi ya asilimia 0.5, kundi la pili lilipigwa leza kwenye kichujio ili kukifungua. Baada ya mwaka mmoja tiba ilihesabiwa kufanikiwa, yaani kulifikisha shinikizo kwenye kiwango kilichokusudiwa, katika macho 55 kati ya 176 ya kundi la timololi, na katika macho 99 kati ya 163 ya kundi la leza.

Msomaji aangalie kwamba tumeandika macho. Kilichohesabiwa ni jicho, wala si mtu, na wengi waliingia na macho yao yote mawili. Kama mtafsiri angeandika kwamba wagonjwa 55 kati ya 176 walifanikiwa, angezua watu ambao hawakuwapo. La pili ni neno dawa lenyewe. Leza ni tiba lakini siyo dawa, na kichwa cha habari kisemacho dawa mpya ya glakoma kingempeleka mtu dukani kutafuta chupa. La tatu ni kule kugawanywa makundi. Wengi huandika kwa bahati nasibu, na neno lenyewe ni sahihi katika vitabu vya takwimu. Lakini kwa wananchi wengi bahati nasibu ni mchezo wa tikiti na zawadi, na mgonjwa akisoma kwamba tiba yake iliamuliwa kwa bahati nasibu ana haki ya kukasirika. Kura ina heshima zaidi. Watu hupiga kura kugawa mashamba na kupanga zamu, na wanajua kwamba hupigwa ili pasiwe na upendeleo, ambayo ndiyo maana hasa inayotakiwa hapa. Tunashauri kupangwa kwa kura.

Matokeo ya Moshi hayasemi kwamba timololi ni maji matupu. Mgonjwa wa Mingoyo yuko umbali wa kama kilomita elfu moja kutoka Moshi, na kwa mtu aliye mbali na mashine ya leza chupa bado ni kinga ya kweli. Hii ndiyo sababu hatupendi kutafsiri matokeo ya namna hii kwa neno bora peke yake. Bora kwa kipimo gani, baada ya muda gani, kwa nani? Hayo matatu yakikosekana sentensi haijakamilika, hata ikiwa sarufi yake ni safi.

Ugumu wa namna nyingine wapatikana katika dawa za uchakavu wa makula. Aina yake yenye mishipa mipya inayovuja hutibiwa kwa sindano inayochomwa ndani ya jicho, na hapa dawa huweza hata kurudisha sehemu ya uoni, kwa hiyo kitenzi cha glakoma hakifai kuhamishwa bila kufikiri. Dawa mbili, bevasizumabu na ranibizumabu, zilibuniwa na kampuni moja ya Marekani. Ya kwanza iliruhusiwa mwaka 2004 kwa saratani ya utumbo mpana, na madaktari wa macho wakaanza kuitumia kwa vipimo vidogo. Ya pili iliruhusiwa mwaka 2006 kwa macho hasa, kwa bei ya Marekani ya kiasi cha dola 2,000 kwa sindano, ilhali kipimo cha ile ya kwanza kiligharimu kama dola 50. Zilipolinganishwa katika jaribio la Marekani lililotangazwa mwaka 2011, waliochomwa kila mwezi waliongeza kwa wastani herufi 8.0 za ubao wa kupimia macho kwa bevasizumabu, na herufi 8.5 kwa ranibizumabu. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani liliingiza bevasizumabu ya macho katika orodha yake ya dawa muhimu.

Magazeti yangeandika kwamba dawa mbili ni sawa. Watafiti walisema jambo jembamba zaidi. Waliweka mpaka kabla ya kuanza, kwamba tofauti isiyozidi herufi 5 haitahesabiwa kuwa na maana kwa mgonjwa, kisha wakaonyesha kwamba dawa nafuu haikuanguka chini ya mpaka huo. Kwa dhana hii tunapendekeza kusema dawa hii si duni kwa ile, na mpaka utajwe. Si duni na sawa yafanana kwa haraka, lakini ofisa anayeamua Serikali inunue ipi atataka kujua anachoahidiwa ni kipi. Akisoma sawa, atadhani tofauti haikuwapo. Akisoma si duni kwa zaidi ya herufi 5, atajua ni kiasi gani cha tofauti kilikubaliwa na ni fedha ngapi zimeokolewa kwa ajili yake, na uamuzi utakuwa wake.

Yako maneno madogo ambayo hayana heshima ya istilahi na hudhuru kuliko istilahi zote. La kwanza ni saa. Tumewahi kuona rasimu iliyomwagiza mgonjwa atie dawa saa 8 usiku; mwandishi alikuwa ametafsiri saa ya Kiingereza tarakimu kwa tarakimu, na mzee mtiifu angeamka usiku wa manane kila siku. Saa mbili asubuhi na saa mbili usiku, kwa maneno, ndiyo njia salama ya kuandika timololi. Neno kutwa, linaloandikwa katika vyeti vingi kwa maana ya siku nzima, kwa Mswahili wa pwani ni mchana tu, na dawa ya usiku haimo ndani yake.

La pili ni dawa ya macho. Mtu akienda dukani akaomba dawa ya macho anaweza kupewa chupa ya kuua vijidudu, au ya deksamethasoni ya kuondoa wekundu. Na deksamethasoni ikitumika kwa muda mrefu hupandisha shinikizo la jicho kwa baadhi ya watu, hata wakapata ile glakoma waliyodhani wanaikimbia. Kwa sababu hiyo jina la dawa liandikwe katika kadi ya mgonjwa jinsi lilivyo juu ya chupa, herufi kwa herufi. Katika makala na vitabu tutaendelea kutohoa na kusema timololi na latanoprosti, kwa kuwa ndivyo ulimi wetu unavyotamka. Lakini kadi siyo mahali pa kutohoa. Muuza duka atalinganisha herufi na herufi, na irabu ya mwisho tuliyoiongeza kwa uzuri yaweza kumfanya aseme dawa hiyo haipo.

Limebaki neno moja ambalo hatujaliamua. Ile sehemu yote anayoiona mtu bila kugeuza macho, na ambayo glakoma huila kutoka pembeni, sisi tumeiita hapo juu upeo wa kuona. Wenzetu wengine huandika uwanda wa kuona. Upeo una kasoro ya kudokeza umbali, kama upeo wa macho baharini, na mgonjwa aweza kudhani anapimwa kuona mbali. Uwanda hueleza upana vizuri, ila huko Mingoyo waliousikia walifikiria kiwanja cha mpira. Walimu na watafsiri wenye neno la tatu, hasa la kutoka lugha za Kusini, waliandikie gazeti hili kabla ya toleo lijalo, wakieleza pia neno hilo hutumika wapi na kwa maana gani.